Yuko darasa la nne na hajui kusoma, baba yake anasema ni ujeuri

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto watatu. Wa kwanza, binti, yuko kidato cha pili na anafanya vizuri. Wa mwisho yuko chekechea. Kinachoninyima usingizi ni huyu wa kati, wa kiume, mwenye miaka 10, ambaye yuko darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro. Hajui kusoma.

Darasa la kwanza mwalimu aliniambia nisiwe na wasiwasi, atachangamka. Darasa la pili niliamini amechangamka kweli, maana alikuwa anafungua kitabu na kusoma ukurasa mzima bila kukwama. Siku moja nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno lililo katikati ya mstari. Akanyamaza. Kumbe kitabu chote alikuwa amekishika kichwani kwa kumsikiliza dada yake. Nikachukua daftari nikaandika "baba", akasoma "dada". Nikaandika "kata", akasoma "taka". Hadi leo yuko hapohapo. Imla anapata sifuri au mbili, na daftari limejaa wino mwekundu.

Lakini Shangazi, mtoto huyu si mjinga. Nina genge la mbogamboga na jioni ananisaidia. Mteja akichukua nyanya za 1,500 na vitunguu vya 700 akatoa noti ya 5,000, yeye ananitajia chenji 2,800 kabla sijafungua pochi. Hadithi akiisikia mara moja anaisimulia yote, tena na sauti za wahusika.

Nyumbani hakukaliki. Baba yake ni seremala, mtu mpole kwa mambo mengine yote, ila kwa hili anamchapa. Anasema ni ujeuri, anasema yeye mwenyewe aliishia darasa la tano na hataki mwanawe aishie huko. Shuleni nako kila imla ni fimbo, na wenzake wanamwita kilaza. Sasa kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma. Jumamosi haliumi.

Mwalimu mkuu ameniita. Amesema nijiandae, upimaji wa darasa la nne hatauweza, atakariri darasa, na kama naona vipi nimpeleke kwenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili katika shule ya jirani. Mama mkwe anasema mtoto amechezewa, twende kwa mganga. Dada yangu wa Dar anasema nimhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza yenye watoto wachache darasani, na niko tayari kukopa kwenye kikoba kulipa ada. Nishike lipi? Na baba yake nimwambieje?

Mama wa Watatu, Morogoro

*

Marahaba, mama.

Nianze na hilo la kikoba kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza mapema: usikope. Dada yako anakutakia mema, na watoto wachache darasani ni jambo zuri kweli. Ila angalia mwanao anakwama wapi. Anakwama kwenye kuunganisha herufi na sauti yake, na anakwama katika Kiswahili, lugha ambayo "a" ni "a" popote utakapoikuta. Kiingereza hakina huruma hiyo. "Put" na "but" zimetofautiana herufi moja tu ya mwanzo, na bado "u" ya kwanza haisomeki kama ya pili. Mtoto anayepotea kati ya "baba" na "dada" ukimpeleka huko utakuwa umemwongezea lugha ngeni na tahajia ngumu kwa mpigo, na deni juu. Asome kwanza kwa lugha anayoiota.

Kwa mganga pia usiende. Mama mkwe mjibu kwa adabu, maana naye anamwonea uchungu mjukuu wake, lakini nauli na kuku wa mganga vigeuze vikampeleke mtoto hospitali.

Mimi siwezi kumpima mtoto kwa barua. Ila uliyoyaandika yamenikalisha chini, kwa kuwa nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi na watoto wa namna hii nimekaa nao. Mwenye akili nyepesi, mdomo mwepesi, hesabu za kichwani nyepesi, halafu mbele ya maandishi anakuwa kama amefungwa. Anageuza herufi, anapindua silabi, anasoma picha badala ya neno, anakariri ili asionekane. Hali hiyo ina jina, inaitwa disleksia, na ni mojawapo ya matatizo ya ujifunzaji yanayojulikana zaidi duniani. Si uvivu na si upungufu wa akili. Ubongo wa mtoto unapata tabu kuzipambanua sauti ndogondogo za neno na kuzifunga kwenye herufi zake, kazi ambayo watoto wengine huifanya bila kujua kwamba wanaifanya.

Wala si jambo la kizazi cha simu. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, mwepesi michezoni, aliyefundishwa kusoma tangu utotoni na bado akawa anashindwa hata maneno mafupi. Hesabu alizipenda na hazikumsumbua. Mwalimu wake alisema kijana yule angekuwa wa kwanza shule nzima kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Soma sentensi hiyo kisha urudi kwenye chenji yako ya 2,800.

Sasa hospitali. Kabla hamjamwita mtoto jina lolote, macho na masikio yapimwe. Nenda hospitali ya rufaa, omba kliniki ya macho na ya masikio. Mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa anasikia nusu nusu, na "b" na "d" ni sauti za kuchanganywa na sikio kabla hata ya jicho. Mweleze daktari historia yote: alichelewa kulia alipozaliwa? Aliwahi kupata degedege au malaria kali iliyompanda kichwani? Kuna nyakati anaduwaa sekunde chache, ukimwita haitiki, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea? Hilo la mwisho usilidharau, linaweza kuwa aina ya kifafa isiyo na kuanguka, na lina dawa. Disleksia yenyewe haina kidonge wala miwani. Dawa yake ni kufundishwa kwa njia inayomfaa.

Kuhusu kitengo, mwalimu mkuu amekosea mlango lakini amekuelekeza nyumba sahihi. Kitengo cha ulemavu wa akili si mahali pa mwanao kuhamia, kwa sababu kwa maelezo yako akili yake haina ulemavu. Hata hivyo nenda, nenda kama mgeni. Mwalimu wa kitengo mara nyingi amesomea elimu maalum, wengi wao wamepita Chuo cha Patandi kule Arusha, na huenda ndiye mtu pekee mtaani kwenu aliyefunzwa kumtazama mtoto akisoma na kusema hasa anapokwama ni wapi. Mwombe akae na mwanao saa moja. Peleka madaftari ya imla, yale yenye wino mwekundu, kwa kuwa makosa yake yana mpangilio na mwalimu mzuri atausoma. Kisha ulizia ofisi ya elimu ya halmashauri, yupo afisa anayeshughulikia elimu maalum. Kazi yake ni pamoja na watoto kama wako, ingawa wazazi wengi hudhani yupo kwa ajili ya wasioona na viziwi tu.

Upimaji wa darasa la nne kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Oktoba, na asiyefikia kiwango hukariri darasa. Kukariri kwenyewe hakuniogopeshi. Kinachoniogopesha ni kukariri kulekule kulikoshindikana: darasa lilelile, ubao uleule, imla ileile na fimbo ileile. Mwaka ukirudiwa hivyo, atatoka na miaka 11 na aibu iliyokomaa. Kama atakariri, basi iwe pamoja na mpango wa kumfundisha herufi upya. Halafu kuna jambo wazazi hawaambiwi. Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini shule ndiyo inayopaswa kumtambua mtoto na kumwombea hilo mapema, kwa hiyo anza sasa. Ukienda wiki ya mtihani umechelewa.

Fimbo ya imla haina utetezi. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kukosea neno "nywele" si kosa la nidhamu. Mwambie mwalimu wa darasa hivyo kwa upole, uso kwa uso, mkiwa wawili, wala usimvamie mbele ya wanafunzi. Ana darasa kubwa na pengine hakuna aliyewahi kumfundisha dalili hizi. Akishakuwa upande wenu mwombe vitu anavyoweza kutoa bila gharama: mtoto akae mbele, asisimamishwe ghafla kusoma kwa sauti, na katika Sayansi au Historia ya Tanzania na Maadili aulizwe kwa mdomo ili ijulikane anachokijua. Imla apewe maneno matano aliyoyafanyia mazoezi, asipewe ishirini asiyoyajua. Na kabla ya kumtia kosa, amsomee swali.

Nyumbani ndiko kwenye kazi yenyewe, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Kwa majuma ya mwanzo weka kitabu pembeni. Anza na masikio. Mkiwa mnachambua mchicha, mwambie: sema "kalamu", toa "ka", imebaki nini? Lamu. Sema "sabuni", toa "sa". Buni. Piga makofi kwa kila silabi. Kisha cheza naye kinyume, ule mchezo wa watoto wa kupindua maneno: "kata" inakuwa "taka", "bata" inakuwa "taba". Hicho ndicho kinachompata bila kukusudia akiwa anasoma, na sasa atakifanya kwa kukusudia, akijua silabi ipi imetangulia. Watoto wengi hucheka sana katika mchezo huu, na mwanao ana haki ya kucheka akiwa anajifunza.

Baada ya hapo ingia kwenye herufi, moja kwa wakati mmoja. Usimfundishe "b" na "d" wiki moja. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mahali: mtoto anazichanganya, basi tunamwekea zote mbili mbele na kumgombeza achague. Chukua "b" peke yake. Aichore kwa kidole kwenye mchanga au kwenye unga uliotandazwa juu ya sinia, huku akiitamka sauti yake, ile ya midomo kufunguka, na jina la herufi aliache kwanza. Kata maboksi ya dukani utengeneze kadi: ba, be, bi, bo, bu. Aziunganishe zitoe baba, babu, bibi, bubu. Kwenye genge una walimu wa bure: bamia na bilinganya. Mpe kipande cha boksi aandike bango la bamia na bei yake, aliweke mwenyewe. Ikikaa, nikimaanisha ukimwonyesha asubuhi yoyote hakosei, ndipo umletee "d" na dagaa zake na dengu zake.

Silabi nzito ziache nyuma. "Mbwa", "ng'ombe", "nywele", "vyungu" ni maneno ya baadaye. Hata "mtoto" ina mtego, kwa kuwa ile "m" inasimama peke yake bila irabu, na yeye ataitafuta irabu isiyokuwepo. Mweleze, mpigie kofi lake: m, to, to.

Dakika 15 kila siku zinatosha. Saa mbili za Jumamosi zitamchosha na kuwagombanisha. Akikosea, usiseme "si nilikufundisha jana?" Jana alijua kweli, leo imemtoka, na hivyo ndivyo hali hii ilivyo. Rudia kwa sauti ileile ya jana. Pesa ya tuisheni iache kwanza, maana tuisheni nyingi ni kunakili maswali kwa kasi zaidi ya darasani.

Wakati huohuo masomo mengine yasimsubiri. Dada yake wa kidato cha pili amsomee Sayansi kwa sauti, au akurekodie kwenye simu, yeye asikilize akiwa anapanga nyanya kisha asimulie alichosikia. Kichwa chake kiendelee kula hata kama macho bado yanahangaika.

Nimebakiwa na baba yake, na nimemweka hapa kwa makusudi. Umeniandikia kwamba aliishia darasa la tano. Hukuniambia kwa nini. Disleksia hupita katika familia, kwa hiyo baba aliyekwama shuleni na mwana anayekwama leo ni jambo ninalolitazama kwa makini. Chagua jioni tulivu, mtoto akiwa amelala, umwulize: darasa la tano kulikuwaje? Nani alikuwa anakuchapa? Ulikuwa unafanya nini zamu yako ya kusoma ikikaribia? Usimwambie kwamba naye ana tatizo. Uliza, kisha mwache aongee. Nadhani anapomshika mtoto fimbo anaona mvulana mwingine kabisa. Mtu anayepima ubao kwa jicho na kukata mlango ukakaa sawasawa hawezi kuitwa mjinga, na akilikubali hilo kwake mwenyewe atalikubali kwa mwanawe.

Kisha mpe kazi. Anavyo vipande vya plywood na mbao laini vinavyobaki. Mwombe amkatie mwanawe herufi, kubwa za kiganja, zilizopigwa msasa zisichome, mtoto apitishe vidole juu yake. Aanze na "b". Waisugue pamoja, msasa mmoja kila mtu. Tangu siku hiyo mtoto atakuwa na mahali pa kukaa na baba yake ambapo herufi haiji na kipigo.

Na mtoto mwenyewe umwambie ukweli. Ana miaka 10, anajua wanavyomwita. Tumbo lile linaloacha kuuma Jumamosi ni hofu, na hofu hupungua mtu akijua kinachomsumbua. Mwambie: una akili, kwenye chenji hukosei, maandishi yanakupa tabu kwa sababu kichwa chako kinayashika kwa njia tofauti, tutayafundisha upya, polepole, na hakuna atakayekuchapa kwa hilo tena. Hiyo sehemu ya mwisho usiitamke kabla hujaipata kwa baba yake na kwa mwalimu.

Kwa mwalimu mkuu usiende na maneno matupu, maneno husahaulika. Andika barua, nakala moja ubaki nayo. Unaweza kuiandika hivi:

"Mwalimu Mkuu, mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la nne. Mwanangu ana uelewa mzuri kwa mdomo na katika hesabu za kichwani, lakini hajamudu kusoma wala kuandika, na anaonyesha dalili za disleksia. Macho na masikio yamepimwa, majibu nimeyaambatanisha. Naomba mwalimu wa elimu maalum amfanyie upimaji na taarifa ifike kwa afisa elimu maalum wa halmashauri. Naomba asiadhibiwe kwa makosa ya kusoma na imla. Naomba akubaliwe kujibu kwa mdomo katika majaribio ya darasani. Naomba shule imwombee muda wa nyongeza katika upimaji wa kitaifa. Nyumbani tunamfundisha silabi kila siku, na niko tayari kuja shuleni siku yoyote mtakayonipangia."

Ipeleke ukiwa na baba yake, kama atakubali kwenda.

Shangazi